Fahali Aliyelala Karibu na Baba

Jumatatu, 18 Aprili

Dume wa tatu hafai. Amesema Ipyana, msaidizi wa Bwana Mifugo, leo asubuhi, akiwa amesimama kwenye matope ya ua wetu. Taya la chini ni fupi, halikutani na la juu. Akamhasi papo hapo kwa koleo. Wamebaki wawili, Asubuhi na Mzigo.

Gwakisa, kaka yangu, alishika pembe. Mimi nilishika kamba ya miguu. Baba alikaa kibarazani amejifunika blanketi, akikohoa. Dume akasimama tena. Ndipo akasema, "Huyo sasa ni wa jembe. Mpeni majani."

Bwana Mifugo mwenyewe, Mzungu wa serikali, atakuja Jumamosi ya tarehe 30. Atachagua mmoja na kumpiga chapa. Huyo ndiye atakayepanda majike wa bonde letu lote. Mwingine atahasiwa kama mwenzake.

Baba anataka kuiona siku hiyo. Nimemwuliza kama kuna jingine analolitaka. Hakuna.

Mvua haijakatika.

Jumanne, 19 Aprili

Gazeti limenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Mhariri alidhani nakuja kumwuguza baba. Kumbe nakata majani ya ng'ombe kutwa nzima.

Niliyokuwa nayasikia kwa barua sasa nimeyaona. Miaka miwili na zaidi iliyopita baba alitembeza majike wake watatu hadi shamba la serikali kule juu kwenye baridi, wakapandwe na fahali wa Hereford. Fahali huyo aliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Mwekundu, uso mweupe, mfupi wa miguu, mzito kama mwamba. Kushushwa huku kwetu kusingewezekana. Joto na kupe wangemmaliza. Kwa hiyo majike walipanda mlima wakashuka na mimba. Wote watatu wakazaa madume, wote watatu na uso mweupe wa baba yao.

Watu walicheka. Walisema ndama wa baba wamelamba chokaa ya ukuta.

Sasa hawacheki. Wanauliza tarehe ya Bwana Mifugo.

Yule fahali wa juu alikufa Februari. Kidonda cha jicho, amesema Ipyana. Hataletwa mwingine. Asubuhi na Mzigo ndio mbegu yake iliyobaki, na mmoja tu atabaki mzima.

Alhamisi, 21 Aprili

Tumewapima kwa utepe, kifua na mgongo. Asubuhi amemzidi Mzigo kwa urefu, Mzigo amemzidi kwa unene. Kwa mbali mtu asiyewajua angesema ni mapacha. Anayewajua anatazama jicho la kushoto. Mzigo ana duara jekundu kulizunguka, kama mtu aliyepigwa ngumi. Asubuhi hana. Uso wake ni mweupe wote hadi nyuma ya masikio.

Kasoro ya Mzigo iko nyuma. Akitembea, magoti ya miguu ya nyuma yanagusana. Halafu ni mkorofi. Jana alimrusha Gwakisa kwenye migomba.

Asubuhi ni mpole kupita kiasi. Unamshika sikio, anakufuata. Ipyana aliwahi kumwambia baba kwamba upole nao unarithiwa, Bwana Mifugo anautazama kama anavyotazama mgongo. Baba alifurahi kama aliyesifiwa yeye.

Bwana Mifugo alitaka walale nje, zizini, kwenye hewa. Baba alikataa. Ng'ombe wetu wanalala ndani ya nyumba, kwenye moshi, nzi wasiwafikie, na baba analala nao kama baba yake alivyolala. Nyumba ni ndefu. Kila ng'ombe ana mti wake wa kufungiwa. Mzigo yuko mlangoni, kwa sababu akianza kurusha mateke ni rahisi kumtoa. Kisha majike. Kisha yule aliyehasiwa. Asubuhi yuko mwisho kabisa, karibu na kitanda cha baba. Baba akinyoosha mkono anagusa pua yake.

Mzee Andembwisye, rafiki wa baba tangu utoto wao, amekuja mchana. Alisimama mlangoni, akamtazama baba, akamtazama dume.

"Mugonile," akasema. "Nimsalimie yupi? Nyote mna mvi usoni."

"Msalimie mwenye meno," baba akasema.

Akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. Nilimshika mabega. Ni mifupa mitupu.

Ijumaa, 22 Aprili

Sekela, mke wa Gwakisa, ndiye anayempikia baba uji. Hamletei. Anauweka kwenye kigogo nyuma ya migomba, anakohoa, anageuza uso, anaondoka. Mimi ndiye ninayeufuata.

Baba alibatizwa zamani na nyimbo anazijua zote. Lakini kwa mkamwana ameshika ya wazee. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hapiti njia yake, haingii nyumbani kwake. Sekela ameolewa hapa miaka mingi. Amekata majani ya madume hawa tangu walipoachishwa ziwa. Amewanywesha, amewachuna kupe malishoni. Ndani ya nyumba wanamolala hajakanyaga.

Baba akimaliza uji anageukia ukuta na kusema kwa sauti, "Ndaga." Asante ya hewani. Yeye anajua Sekela yuko nyuma ya migomba anasikia. Na Sekela anajua baba anajua.

Uji wa leo hakuumaliza. Ndaga alisema.

Jumamosi, 23 Aprili

Mtabibu wa zahanati amefika kutoka Kyela, baiskeli begani, suruali imeloa hadi kiunoni. Amesema ni mapafu. Amechoma sindano. Nje, alipokuwa ananawa, amesema nisimhamishe. Barabara imekatika mahali pawili, na hata ingekuwa nzima asingemhamisha.

Nikamwuliza wazi. Akajibu wazi. Nimeshukuru.

Baba ameniuliza kama Jumamosi ya Bwana Mifugo ni leo. Nikamwambia ni ijayo. Akafumba macho. Akasema, "Mbali."

Jumatatu, 25 Aprili

Baba ametuita mimi na Gwakisa. Ameomba aegemezwe. Asubuhi alikuwa amelala chini karibu naye, anacheua.

Alisema maneno machache. Akifa kabla ya Jumamosi, achinjwe Mzigo. Nyama inatosha watu. Asubuhi asiguswe, asubiri chapa.

Gwakisa akasema hapana. Kwetu mwenye ng'ombe anazikwa kwa dume wake bora, na waombolezaji wanaijua nyama wanayoila.

"Watasema tumemzika baba kwa dume mwenye kilema."

"Watasema wakiwa na nyama mdomoni," baba akasema. "Waache."

Gwakisa akatoka nje kwenye mvua. Baba akaniambia niende Lyulilo nikanunue vyungu vikubwa, maana vya nyumbani havitatosha watu. Alisema hivyo kama anayenituma chumvi.

Nimekwenda. Mitumbwi ya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, ilikuwa imefika, vyungu vimepangwa mchangani chini ya mikeka kwa sababu ya mvua. Mama mmoja mfinyanzi aliniuliza vyungu vikubwa hivi ni vya harusi au vya msiba.

"Bado," nikasema.

Alinitazama. Akavirudisha viwili nilivyokuwa nimechagua, akanitolea vingine, vinene zaidi. "Hivi havipasuki kwenye moto wa watu wengi." Akamwita binti yake anisaidie kufunga.

Nilipovileta nyumbani Gwakisa aliviona. Hakuvigusa. Vimelala usiku huu chini ya upenu, vimefunikwa majani ya migomba, kama kitu cha wizi.

Jumanne, 26 Aprili

Baba amefariki alfajiri. Nilikuwepo. Gwakisa alikuwepo.

Asubuhi alikuwa amesimama kwenye mti wake.

Jumatano, 27 Aprili

Niandike kwa mpangilio. Nikiacha hadi kesho nitaanza kuyapamba.

Mapema sana shemeji yetu Anyosisye, mume wa dada yetu, alifika na ndugu zake kutoka ng'ambo ya mto Mbaka. Kwetu watoto wa marehemu hawashiki shoka. Kazi hiyo ni ya wakwe. Anyosisye hakuwa amefika hapa tangu madume hawa wazaliwe. Akamwuliza Gwakisa ni yupi.

Gwakisa alijibu, "Aliye mlangoni."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilisikia. Nilielewa Mzigo. Yeye alimaanisha Mzigo. Tangu madume hawa waingie nyumba ile, aliye mlangoni ni mmoja tu.

Kisha wanawake wakaanza kuwasili. Walikuwa wengi, na mvua ilikuwa kubwa, na mahali pa wanawake kulilia ni ndani ya nyumba ya marehemu. Ng'ombe ilibidi watoke. Sisi wanaume tulikuwa kaburini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye shimo, tunayachota kwa debe, yanaingia tena. Mtu alikuja kumwuliza Gwakisa ng'ombe wapelekwe wapi. Gwakisa, akiwa ndani ya shimo, akasema, "Kwangu. Sekela awafunge."

Dada yetu akawatoa mmoja mmoja hadi uani. Sekela akawapokea, akawaingiza kwenye nyumba ya mumewe, akawafunga.

Tulimshusha baba baada ya saa sita. Mwalimu wa kanisa alisoma. Mzee Andembwisye alishikwa na watu wawili. Tulipokuwa tunaimba wimbo wa pili nikasikia pigo la shoka nyuma ya migomba. Moja tu. Nikafikiri, wanajua kazi.

Tuliporudi, kichwa kilikuwa juu ya majani ya mgomba. Cheupe chote hadi nyuma ya masikio. Hakuna duara.

Nilitazama jicho la kushoto. Nikatazama la kulia nisije nikawa nimesimama upande mbaya. Hakuna.

Gwakisa alikuwa mbele yangu. Matope ya kaburi yalikuwa bado mikononi mwake. Anyosisye alikuwa ananoa kisu, akainua kichwa, akasema kwa heshima, kama mtu anayesifu mali ya msiba, "Shemeji, mpole sana huyu. Nilimfungua, akanifuata mwenyewe. Hata kamba sikuivuta."

Gwakisa akasema, "Gaweni."

Hilo tu. Akaenda kunawa.

Nyama iligawiwa. Watu walikula chini ya turubai na kwenye upenu. Vyungu vya Lyulilo havikupasuka. Niliwasikia wazee wakisema hili ndilo dume la kumzikia mtu, watoto wa marehemu wanajua heshima, wangeweza kumficha kwa ajili ya Mzungu na hawakumficha. Mmoja alinishika mkono kunipongeza. Nilimshukuru.

Gwakisa alikuwa anataka maneno hayo tangu Jumatatu. Aliyapata yote. Alikaa nyuma ya nyumba, sahani yake ikapoa.

Mzigo alikuwa kwenye nyumba ya Gwakisa, mwisho kabisa, anapiga mateke ukuta.

Alhamisi, 28 Aprili

Sekela amenijia nilipokuwa natafuta kuni kavu. Alipiga magoti kwanza. Nikamwambia anyanyuke, ardhi imeloa.

Amesema, "Shemeji, mlangoni walikuwa wanapita wanawake na watoto. Yule mkali angemwumiza mtu. Nikamweka ndani kabisa. Mlangoni nikamweka mpole."

Nikamwambia alifanya sawa.

"Nyumbani kwa mkwe sijaingia. Nani analala wapi, ningejuaje? Nasikia leo kwa watu kwamba Mzigo ndiye wa mlangoni. Leo."

Nikamwambia najua.

"Mume wangu hanisemeshi."

Nikamwambia hamsemeshi mtu yeyote. Ni kweli. Lakini najua haikumsaidia.

Nimefikiri kosa ni la nani. Ni kazi yangu kufikiri hivyo, nimeifanya kwa misiba ya watu wengine na nikapata jibu kabla ya kufika posta kutuma habari. Gwakisa alisema kile ambacho mtu yeyote wa nyumba ile angesema. Sekela alifanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya. Anyosisye alichukua aliyeambiwa. Mimi nilisikia neno likisemwa, na niliwaona ng'ombe wakivuka ua, kwa macho yangu, nikiwa na debe mkononi. Sikuviunganisha.

Nina hasira na sina wa kumpa.

Ijumaa, 29 Aprili

Mvua imepungua. Tumefukia kaburi upya, lilikuwa limedidimia.

Dada yetu amesikia. Analia upya, mara hii kwa ajili ya mumewe. Anyosisye amekuja kwa Gwakisa, kofia mkononi. Gwakisa akamkaribisha kwenye kigoda, wakanywa chai pamoja hadi ikaisha. Anyosisye akaondoka na ndugu zake. Wametembea kwa mstari mmoja hadi mtoni.

Ngozi imewambwa ukutani. Nzi wamejaa.

Kuna wazo limemwingia Gwakisa. Hakuniambia. Lakini mchana alimtoa Mzigo, akamwosha matope, akamtembeza kwenye njia kavu, kwenda na kurudi, anamtazama miguu ya nyuma. Alimtembeza polepole. Akitembezwa polepole sana, magoti hayagusani.

Jumamosi, 30 Aprili

Bwana Mifugo amekuja. Landrova imekwama darajani, akaja kwa miguu na Ipyana, buti zimejaa maji. Chuma cha chapa Ipyana amekibeba begani, kimefungwa kwenye gunia.

Walikuwa hawajasikia msiba. Ipyana aliliona kaburi, akasimama. Akamnong'oneza Mzungu. Bwana Mifugo akavua kofia. Akampa Gwakisa mkono, akanipa mimi, akasema pole kwa Kinyakyusa, vibaya lakini kwa moyo.

Halafu akauliza, "Asubuhi yuko wapi?"

Gwakisa akamwonyesha ukuta.

Alikwenda hadi kwenye ngozi. Aliishika kwenye mgongo, pale alipokuwa anapima kwa utepe. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nina maneno ya kujibu. Hakuna aliyeyahitaji. Alisema tu, "Huyu alikuwa mzuri sana," akarudi akakaa kwenye kizingiti, kofia magotini.

Nilimweleza. Nilitumia maneno machache. Ipyana alifunika mdomo kwa mkono. Bwana Mifugo aliuliza swali moja, kwa nini mke wa Gwakisa alikuwa hajaingia nyumba ile. Ipyana akamjibu kwa Kiingereza.

Gwakisa akasema kuna Mzigo.

Nitasema hili kwa ajili ya Bwana Mifugo, alimpima kweli. Hakumtazama kwa mbali kumridhisha mfiwa. Alimshika taya, alimpapasa korodani, alimpima kifua mara mbili. Akamwomba Gwakisa amtembeze. Gwakisa akamtembeza polepole kama jana.

"Haraka kidogo," akasema Bwana Mifugo.

Gwakisa akaongeza kidogo.

"Haraka zaidi, baba."

Magoti yakagusana. Tuliyasikia.

Gwakisa akasimama, kamba mkononi, akitugeuzia mgongo. Bwana Mifugo alimfuata alipokuwa, akasema taratibu kwamba miguu ile atawapa watoto wake wote, na bondeni kwenye matope haya watavunjika kabla ya kuzaa. Kama angekuwa na mbegu nyingine angesema ngoja. Hana nyingine.

Gwakisa akasema, "Ndiyo, Bwana."

Chapa haikufunguliwa kwenye gunia.

Walipokuwa wanaondoka, Mzee Andembwisye alikuwa amefika, ameegemea fimbo getini. Alimtazama Mzungu akipita, akaniuliza, "Wamemchukua dume?"

"Hawakumchukua."

"Mwenzangu angewaambia neno la kuwachekesha," akasema. Alijaribu kulitafuta. Hakulipata. Nikamsindikiza hadi kwake.

Jumapili, 1 Mei

Kanisani wamemtaja baba. Gwakisa hakwenda.

Nimeandika habari ya msiba kwa ajili ya gazeti, kwa kuwa mhariri ameomba nimkumbuke mzee. Mistari michache. Jina, kijiji, alikuwa mfugaji, ameacha watoto watatu, watu wengi walihudhuria ingawa mvua ilikuwa kubwa, na waliandaliwa vizuri. Kila neno ni kweli. Nimeisoma mara mbili na sikuona pa kurekebisha. Sijawahi kuandika kitu kilichopungua kiasi hicho.

Namkumbuka baba. Naandika hapa, kwa kuwa sijamwambia mtu.

Jumanne, 3 Mei

Wanawake wa mwisho waliondoka jana. Nyumba ya baba imefagiliwa, moto umewashwa ili unyevu utoke. Ng'ombe wamerudi leo.

Gwakisa aliwaleta hadi mlangoni, akasimama. Akamwita mkewe. Ni mara ya kwanza nimesikia sauti yake ikimwita tangu Jumatano.

Sekela alikuja, akasimama nje, kwa mazoea. Gwakisa akasema, "Ingia." Sekela akatazama kitanda. Ni miti na kamba tu sasa, mkeka umechomwa. Akainama akapita kizingiti. Macho yake yalichukua muda kuzoea giza. Alitazama juu, masizi ya paa, kisha ukuta, kisha sakafu waliyoisugua ng'ombe mpaka ikang'aa. Alitazama kama mtu aliyefika mji aliousikia tu.

Gwakisa akaanza kumwonyesha. Huyu hapa. Huyu pale. Huyu ukimfunga karibu na huyu wanagombana. Huyu anataka kamba ndefu. Aliongea sana kwa mtu ambaye hakuwa ameongea. Sekela alirudia kila mahali kwa sauti ndogo, akigusa mti. Walipofika mwisho, kwenye mti ulio karibu na kitanda, Gwakisa alinyamaza.

Mama yake Asubuhi alikuwa bado uani, analia kwa vipindi. Sekela akatoka, akarudi naye, akamfunga pale.

Gwakisa alikwenda kuchukua majani.

Ipyana atakuja Alhamisi saa mbili, kumhasi Mzigo. Nitakuwepo. Ijumaa napanda lori la Tukuyu.